TAHADHARI: Jamaa anayeuza "darubini ya Königsberg" kutoka Rufiji, msije mkalizwa kama mimi

Wakuu kwema? Naandika hii roho bado inauma ila bora niseme maana jamaa bado yupo na bado anauza. Mi nakusanya vitu vya zamani vya Mjerumani, rupia, vifungo vya sare, vidogo vidogo hivo, na kwa miaka nilikua natafuta darubini ya macho mawili ya jeshi lao la majini. Basi nikatumiwa picha na mtu wa Dar, anasema babu yake alikua mvuvi kule delta ya Rufiji na aliitoa kwenye mabaki ya manowari Königsberg. Picha zina giza kidogo lakini maandishi yanasomeka, S.M.S. KÖNIGSBERG 1914, chini yake tai, herufi M, pembeni blc, halafu 7x50. Aisee usiku ule sikulala.

Na stori aliipanga vizuri, maana Königsberg ni kweli ilikua Rufiji. Iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 baadae ikaenda kujichimbia kwenye mikoko, ikapigwa Julai 1915 na Wajerumani wenyewe wakaimalizia, mizinga yake kumi ikang'olewa ikaenda kupigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, mmoja upo mpaka leo Fort Jesus Mombasa. Sasa mtu akikwambia kuna darubini ilitoka humo utabisha nini?

Alitaka laki sita tukashushana mpaka laki nne na nusu. Kishika uchumba laki na nusu "maana kuna Mzungu anaifatilia", tuma na ya kutolea, iliyobaki nikamalizia aliponitumia picha ya risiti ya basi. Mzigo ukafika Mwanza, nikaufungulia kwenye bajaji palepale stendi, uvumilivu wa kufika nyumbani nautoa wapi.

Cha kwanza ni ndogo. 7x50 ni dude, inajaza mikono miwili na uzito wake unacheza kwenye kilo moja, hii nilishika kwa mkono mmoja kama ya kwendea mbugani. Nikafika home nikaweka rula kwenye kioo kikubwa cha mbele, milimita 30. Kwa asiyejua, namba ya kwanza ni inavuta mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa kile kiduara cha mwanga unachokiona ukiishika mbali na uso. 7x50 inatoa kama milimita 7, ndo maana mabaharia wanaipenda usiku, mboni ya jicho gizani inafunguka kiasi hichohicho. Vya kwangu havikufika hata 4.

Nikageukia alama sasa, hapo ndo nilicheka kwa uchungu. Königsberg ilikua meli ya Kaisari, mfalme wa Ujerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na stempu ya jeshi la majini la Kaisari ni M yenye taji juu. Tai aliyekamata swastika ni wa Hitler, na 1914 chama cha Hitler hakijazaliwa bado! Na hiyo blc ni herufi za siri za Carl Zeiss wa Jena, kiwanda cha darubini cha Wajerumani, wakati wa vita ya pili, viwanda vilikua vinaficha majina kwa herufi, beh ni Leitz, ddx ni Voigtländer. Kwahiyo fundi aliangalia picha za darubini tofauti tofauti akachota kila alama aliyoiona nzuri akazibandika zote sehemu moja. Tai mwenye M na blc kwenye 7x50 ya vita ya pili ni kitu kipo kabisa na watu wanazo, ila ukiona tai na 1914 kwenye bamba moja ujue umeshapigwa. Na mi hivo vyote niliviona kwenye picha KABLA sijatuma hela, najua taji na tai vizuri tu, tamaa bana.

Vioo navyo. Darubini ya 1914 vioo vyake havijapakwa kitu, ukimulika tochi mwanga unarudi mweupe kama wa dirisha. Ile rangi ya zambarau au bluu ni utando unaopakwa kupunguza mng'ao, na hiyo imetoka hapohapo Zeiss mwaka 1935, kazi ya mtaalamu wao Smakula. Yangu inang'aa kama petroli imemwagika kwenye dimbwi.

Nikaisogeza dirishani nikailaza upande upande. Kwenye bamba la kushoto kuna mikwaruzo imelala upande mmoja, ya msasa, imepakwa rangi nyeusi juu, na chini ya rangi kwa mbaaali unaona kivuli cha herufi, ...TEM, na bamba la pili DDR. Yaani Jenoptem 8x30, ya Ujerumani Mashariki, nchi ambayo imeanza 1949. Maandishi mapya yamekata rangi mpaka chuma kinang'aa, kingo kali ukipitisha kucha inakwama, wakati ya zamani kweli ingekua imelika na uchafu umejaa ndani ya mchongo. Darubini yenyewe sio mbovu, naangalizia ndege wa ziwani, ila sio ya laki nne na nusu.

Kabla hujatuma hata mia mwambie akurekodi video juani anaizungusha taratibu, aweke rula kwenye kioo cha mbele, amulike tochi kwenye lenzi. Mimi niliomba video akasema simu yake kamera mbovu, na picha kapiga na nini sijui sikujiuliza.

Nilivompigia kaniambia "bro babu hakusoma, mi najuaje alama", baadae hapatikani. Jana rafiki yangu wa Kigoma katumiwa ofa, safari hii eti imetoka kwenye Götzen, ile meli ya Mjerumani ya Ziwa Tanganyika ambayo sasa hivi ni Liemba, bei laki tatu na nusu. Tai yuleyule, mwaka 1915. Picha zote zimepigwa juu ya mkeka wa bluu na pembeni kuna kikombe cha bati kimebanduka mdomoni, ukikiona hicho kikombe ni yeye.