Ford Atlas: Pikapu ya Maonyesho Inayobana Mafuta
Pikapu ya Ford Atlas, iliyozinduliwa Detroit Januari 2013 kama gari la maonyesho, inanivutia zaidi kwa namna inavyoukabili upepo kuliko kwa ukubwa wa umbo lake. Inaposhika kasi ya barabara kuu, vibao vya grili (wavu wa mbele unaopitisha hewa) na vya magurudumu hujifunga, kizuizi cha hewa cha mbele hushuka na vikanyagio vya pembeni hujikunja, ili hewa ipite bila kuikokota nyuma. Injini nayo hujizima gari linaposimama kwenye foleni. Nafurahi kwamba grili ya aina hiyo iliingia katika pikapu ya Ford F-150 ya 2015, ambayo uzito wake ulipungua kwa hadi kilo 318, hasa kutokana na bodi ya alumini. Vibao vya magurudumu, nionavyo mimi, vingesumbuliwa mno na tope.