Siku 7 za mlo wa muda huria melini: uzoefu wangu

Nilipokuwa nalipia safari yetu ya siku 7 kwenye meli ya kitalii, fomu iliniuliza kuhusu mlo wa jioni: nataka zamu, au nataka muda huria? Nilibonyeza muda huria bila kusita. Mtu ameenda mapumzikoni, apangiwe saa ya kula tena? Leo nasema swali lile lilistahili kufikiriwa kuliko hata swali la chumba. Chumbani tulikuwa tukilala tu. Mezani tulikaa muda mrefu kila jioni, na kwa mama yangu, ambaye ana kisukari na anajidunga insulini kabla ya kula, saa ya chakula ni sehemu ya dawa.

Nieleze kwanza hizo njia mbili, kwa sababu fomu haikunieleza. Ukumbi mkuu wa chakula melini hauwezi kuketisha abiria wote kwa mkupuo mmoja. Utaratibu wa zamani ni kuwagawa: zamu ya kwanza hula mnamo saa 12 jioni, ya pili mnamo saa 2 au 2:30 usiku. Mnapewa meza yenye namba, na mnakaa hapo safari nzima, na majirani walewale na mhudumu yuleyule. Kwenye muda huria hakuna meza yenu. Ukumbi unafunguliwa jioni, unafungwa usiku, na katikati ya hapo mnakuja mnapotaka na kukaa popote penye nafasi. Meli nyingi hutenga sehemu moja ya ukumbi kwa watu wa zamu na nyingine kwa watu wa muda huria. Kwetu ukumbi ulikuwa wa staha mbili, zamu chini na muda huria juu. Jiko lilikuwa moja na orodha ya vyakula moja, kwa hiyo yeyote anayedhani upande mmoja unakula vizuri kuliko mwingine aondoe wasiwasi.

Majina ndiyo yanayochanganya. Kampuni ya meli ya Norwegian Cruise Line ndiyo iliyoupa mtindo huu wa muda huria nguvu mwaka 2000, ikauita Freestyle, na meli zake zikaachana kabisa na meza za kudumu. Wengine wakafuata, kila mmoja na jina lake: kwa Royal Caribbean utakuta My Time, kwa Carnival utakuta Your Time. Ukiona maneno kama hayo kwenye fomu, jua unaulizwa swali lilelile. Na wazo la msafiri wa baharini kuchagua saa yake ya kula ni la zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilikuwa na mkahawa wa kulipia kando, ambako abiria wenye uwezo waliagiza walichotaka badala ya kufuata kengele ya ukumbi mkuu.

Sasa jioni yetu ya kwanza. Tulifika mlangoni saa 1 usiku kasoro dakika chache, na kila mtu alikuwa amefika pia. Msichana wa mapokezi alichukua namba ya chumba chetu, akatupa kifaa kidogo ambacho kingetetemeka meza ikipatikana, akasema tungoje dakika 10. Mama alisikia dakika 10 akajidunga. Amefanya hivyo miaka mingi: anadunga, anakaa, chakula kinafika. Dakika 10 zikawa 20. Zikawa 35. Kifaa kilipotetemeka hatimaye, Mama alikuwa ameshaanza kutoka jasho na mkono unamtetemeka: insulini ilikuwa imemshusha sukari na chakula hakijafika. Nilimwomba mhudumu wa kwanza niliyemwona glasi ya juisi, akaileta mbio kabla hata hatujaketi. Ilitosha. Mama alirudi katika hali yake, akala, akataka hata kitindamlo. Mimi sikuonja kitu. Nilikuwa nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe bila kuuliza.

Asubuhi yake nilimtafuta msimamizi wa ukumbi. Hapa ndipo safari yetu ilipogeuka. Nilimweleza yote, nikamwomba atuhamishie zamu ya kwanza. Akasema imejaa tangu miezi kabla ya kuondoka, jambo ambalo nimekuja kujua ni la kawaida: familia zenye watoto na wazee huiwahi. Kisha akanifungulia jambo ambalo nisingelijua. Muda huria, alisema, haumaanishi lazima usimame foleni. Kwenye meli yao abiria wa muda huria anaweza kuweka nafasi ya saa maalumu, hata saa hiyohiyo kila siku hadi mwisho wa safari, na anaweza kuomba eneo la mhudumu fulani. Akatuandikia saa 12:15 kila jioni, meza karibu na dirisha, kwa mhudumu yule aliyeleta juisi.

Kwa hiyo tulikuwa na meza ya kudumu ndani ya mlo usio na meza za kudumu. Siku ya tatu mkate wa Mama ulikuwa unafika kabla hajavuta kiti. Siku ya nne mhudumu alianza kumletea orodha ya vyakula ya kesho yake, ili achague mapema na jiko lipunguze sukari au libadilishe mchuzi. Hilo nalo ni jambo la kuliomba: jiko la meli linapika kwa maelfu, haliwezi kubuni chakula chako palepale, lakini likijua siku moja kabla linafanya mengi. Mwenye mzio, asiyekula ngano, mwenye kisukari, wote wanafaidika na mhudumu mmoja anayewakumbuka. Ukikaa meza mpya kila jioni, unaanza kueleza upya kila jioni, na siku mtu atakaposahau ndiyo siku utakayoumia.

Na bado uhuru ulibaki. Siku mbili meli ilitia nanga bandarini hadi usiku, tukachelewa kurudi. Nilifungua programu ya simu ya meli, nikaisogeza nafasi yetu hadi saa 2 usiku, basi. Kwenye meli yetu programu hiyo ilifanya kazi hata kwa asiyenunua intaneti. Watu wa zamu ya kwanza siku kama hizo walikuwa na njia mbili: kukatisha matembezi, au kukosa meza yao na kwenda kujihudumia kule juu karibu na bwawa.

Kuhusu foleni, baada ya siku chache nilianza kuona inavyokuja na kuondoka kama maji ya bahari. Mlango ukifunguliwa hakuna mtu. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 2 kasorobo pamejaa, kwa sababu onyesho la kwanza la jukwaani linaisha au linakaribia kuanza na kila mtu anataka kula katikati. Baada ya saa 2 panalegea tena. Ukubwa wa kundi nao una uzito wake: meza za watu wawili ni chache na zinaombwa na wengi, ilhali aliyekubali kuchanganywa na wageni kwenye meza ya watu 8 aliingia karibu papo hapo. Tulijaribu hivyo usiku mmoja, tukakaa na wazee wawili waliokuwa wamesafiri baharini mara nyingi. Mama anawazungumzia hadi leo.

Usiku wa mavazi rasmi sikuupenda wala kuuchukia. Ulikuwepo mara moja, na kanuni zake zilikuwa zilezile kwa muda huria na kwa zamu. Asiyetaka kuvaa suti alikula kwa kujihudumia na hakuna aliyemuuliza.

Mikahawa ya kulipia ni jambo ambalo lingenichanganya kama nisingeuliza. Neno muda huria halina uhusiano na mikahawa hiyo. Ukumbi mkuu, mkahawa wa kujihudumia na vibanda vidogo vya vitafunio vilikuwa ndani ya nauli. Mkahawa wa nyama choma na ule wa samaki ulikuwa na ada kwa kila mtu, na juu yake kuna ada ya huduma. Ile bakshishi ya kila siku inayoongezwa kwenye akaunti ya chumba, ambayo hugawanywa kwa wahudumu wa ukumbini na wa vyumbani, haigusi ada hiyo. Ni kitu kingine. Tulikwenda mara moja tu, usiku wa kwanza baada ya kupanga mambo yetu, kwa sababu mikahawa hiyo huwa na nafasi nyingi siku za mwanzo kabla watu hawajaizoea meli, na kwetu walikuwa wanapunguza bei. Nyama ilikuwa nzuri kuliko ya ukumbini, sitadanganya. Utulivu ulikuwa mzuri zaidi. Lakini Mama alikuwa anamtafuta mhudumu wetu kwa macho jioni nzima. Jambo moja la kuzingatia: ukiweka nafasi huko kisha usiende bila kughairi mapema, wanaweza kukutoza.

Mkahawa wa kujihudumia tuliutumia asubuhi na mchana. Ulikuwa na msongamano siku ambazo meli iko baharini mchana kutwa, na mtupu siku za bandarini. Mlangoni kuna masinki na mhudumu anayewakumbusha watu kunawa. Naomba watu wanawe kweli, kwa sabuni na maji. Vile vichupa vya dawa ya mkono peke yake havifanyi kazi ya kutosha dhidi ya norovirusi, virusi vya kutapika na kuharisha, ambavyo ndivyo vinavyosumbua meli, na kijiko cha kupakulia kinashikwa na mamia ya mikono kabla ya wako.

Niseme pia nilichokikosa. Watu wa zamu waliokaa meza moja siku 7 walitoka na urafiki. Niliwaona siku ya mwisho wakipeana namba za simu na kukumbatiana na wahudumu wao. Wapo wanaosafiri melini kwa ajili ya hilo hasa, na kwa mtu anayesafiri peke yake ningemshauri zamu bila kufikiri mara mbili, aombe meza kubwa. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaolala mapema, zamu ya kwanza inafaa, mradi waiombe siku ileile wanayolipia safari. Zipo pia meli zinazofuata njia ya tatu: kwenye meli za Disney abiria huhamishwa ukumbi kila usiku, na wahudumu wao wanahama nao. Sijaipanda, ila kwa hali ya Mama naona ina mantiki.

Kwa wanaochagua muda huria, na hasa wenye mgonjwa au mzee, fanyeni jambo moja ambalo mimi nililifanya nikiwa nimechelewa. Mkipanda tu, mchana ule wa kwanza, kabla hata mabegi hayajafika chumbani, nendeni mlangoni kwa ukumbi mkuu. Mara nyingi msimamizi au msaidizi wake huwa pale na meza ndogo kwa ajili ya maombi kama haya. Mwelezeni saa mnayotaka, idadi yenu, ugonjwa kama upo, na kama mnataka kuweka nafasi ya kila siku. Ombeni mhudumu mmoja. Kama kampuni inaruhusu kuweka nafasi kwa simu kabla ya safari, wekeni nyumbani. Na asiyeweza kungoja asidunge dawa kwa sababu ameambiwa dakika kadhaa. Adunge sahani ikiwa inaonekana. Hivyo ndivyo Mama anavyofanya sasa, hata tukiwa nchi kavu.

Huduma kwa jumla naipa alama 4 kati ya 5. Chakula kizuri, wahudumu wenye moyo, na uhuru niliokuwa nimeuona kwenye tangazo ulikuwepo kweli. Alama moja naikata kwa ile fomu. Mstari mmoja tu, unaosema kwamba abiria wa muda huria anaweza kuweka nafasi ya saa moja kwa safari nzima, ungetuokoa na jioni ile. Nimewaandikia kampuni kuwaambia hivyo. Tumeshaweka nafasi ya safari nyingine mwakani, muda huria tena, na saa 12:15 imeshaandikwa kwa jioni zote 7.