Nyufa za dari zinazofunguka kila kiangazi: uzoefu wangu na mkanda wa karatasi na akriliki

Naishi Dodoma, kwenye nyumba yenye bati la migongo mipana, kenchi za mbao za paini na dari ya bodi za jipsamu. Tangu tuhamie, dari ilikuwa ikianza kupasuka Julai hivi, nyufa zinapanuka mpaka Novemba, halafu mvua zikishakolea zinajibana zenyewe hata mgeni hazioni. Fundi aliyeifunga alirudi akaziba kwa jipsamu ya unga na faiba, ule mkanda wa wavu wenye gundi. Kiangazi kilichofuata zikafunguka palepale. Baadaye nikapata fundi mwingine, tukabadilisha vifaa, na dari imeshapita kiangazi kizima na mvua zake. Naeleza kwa kirefu kwa sababu najua watu kadhaa mjini hapa wanaolipia kazi hiyohiyo kila mwaka.

Chanzo kwanza. Mbao nyingi za paini tunazopaulia zinatoka Mafinga na mashamba ya Sao Hill, na mara nyingi hufika sokoni bado mbichi. Za dawa nazo huwa zimeloweshwa upya, maana dawa yenyewe huingizwa pamoja na maji. Zinapanda juu zikiwa hivyo, kisha zinakaukia huko. Mbao husinyaa kwa upana na unene, kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Blandaring, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bodi za dari, ya milimita 50 ikipungua asilimia 4 tu, tayari ni milimita 2, na ufa wa milimita 2 unauona ukiwa umekaa kwenye kochi. Hata baada ya ukavu huo wa kwanza, mbao huendelea kufuata hewa: inavimba kidogo wakati wa mvua, inasinyaa kiangazi. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu mtupu, kwa hiyo mwendo huo ni mkubwa. Ongeza bati: chuma chenye urefu wa mita 10 kikipanda joto kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka karibu milimita 5, na kila siku kinavutana na kenchi. Bodi ya jipsamu yenyewe haisogei kiasi hicho. Panapoachia ni kwenye maungio.

Fundi wa pili alifanya jambo nililolipenda sana kabla hajagusa chochote. Alipaka madonge madogo ya jipsamu kukatiza ufa, akaandika tarehe kwa penseli, akasema tusubiri. Donge likikatika, ufa bado unatembea. Pia alipanda juu ya dari na tochi kutafuta unyevu. Ufa wenye doa la kahawia mara nyingi ni wa bati linalovuja, na ufa wa ukutani unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha mara nyingi unahusu msingi na udongo. Hizo kazi nyingine kabisa, mkanda hauzigusi.

Kule juu ndiko tulikoona sababu ya nyufa za katikati ya sebule: ncha za bodi mbili zilikutana hewani, hakuna mbao nyuma yake. Vilevile bodi zilipigwa misumari kwa nafasi pana. Akaongeza vipande vya mbao kavu kwenye maungio hayo, akafunga skrubu zisizopishana zaidi ya milimita 300. Ningependa kila mtu alielewe hili: kama ungio halina mbao ya kushikia, hata mkanda wa bei gani utapasuka.

Sasa vifaa. Faiba kwa nyufa za msimu siipendekezi. Ni rahisi kubandika, na kwa kuziba tundu haina shida, lakini ungio lake ni dhaifu kuliko la karatasi, na jipsamu ya unga iliyolifunika kwetu inakauka upesi na kuwa ngumu isiyokubali kupinda hata kidogo. Mkanda wa karatasi pamoja na filla maalum ya maungio, ule uji mzito wa kujazia na kusawazisha, umenipa matokeo tofauti kabisa. Hadi leo maungio ya katikati yote yako kimya. Kasoro yake ni kwamba unadai mkono wa fundi mwenye subira. Filla ikiwa haba chini ya karatasi, mkanda unavimba mapovu. Na kwa hewa yetu kavu bodi hunyonya maji haraka mno, kwa hiyo alikuwa anaulowesha mkanda kidogo kabla ya kuulaza. Tabaka tatu, kila moja likauke kabla ya lingine, kisha msasa. Atakayekuahidi kumaliza kwa siku moja, mwache aende.

Pembeni, dari inapokutana na ukuta, mkanda si jibu. Ukuta wa tofali unakaa pale ulipo, dari inapanda na kushuka, na konisi yetu, lile pambo linalofunika kona ya dari na ukuta, ilikuwa imegandishwa pande zote mbili. Lazima ikatike. Tuliikata kwa kisu upande wa ukutani ikabaki imeshikwa na dari peke yake, tukaacha mfereji wa kama milimita 5, ukajazwa akriliki ya kwenye mrija, kizibio kinachobaki kikinyumbuka, ile inayokubali rangi. Msichukue silikoni ya bafuni, rangi haishiki juu yake. Na msijaze kwenye ufa mwembamba kama uzi mkidhani mmeokoa akriliki: inanyooka kwa sehemu ndogo tu ya upana wake, hivyo mfereji ukiwa mwembamba inachanika upesi.

Wakati una maana pia. Sisi tulijaza Oktoba, ufa ukiwa umefunguka karibu kabisa, ili mvua zikija akriliki ibanwe badala ya kuvutwa. Ukijaza kwa kitu kigumu wakati huo, mvua zinakibana mpaka kinatoka kama mshipa juu ya rangi. Ndicho kilichotupata kwa ile jipsamu ya unga.

Mkanda wa karatasi na filla naupa nyota tano. Akriliki nne, kwa sababu juu ya korido, pale ukuta ulipo mrefu kuliko wote, imechanika urefu wa kiganja. Hapo mfereji ulikatwa mwembamba kuliko kwingine. Fundi atarudi kuupanua Oktoba.