Kupiga vidio au kutumiana voisi, kwa sisi tulio mbali na wapenzi wetu

Hili swali haliishi kwa wenye mtu Dubai au hata Gulu tu, wewe uko Kampala na bando linakata. Kwa gharama voisi inashinda, ya dakika moja haifiki hata MB moja, wakati vidio inakula mara nyingi zaidi, na tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa 12% (zamani ilikua ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, tangu 2018) so kila dakika ya kuangaliana uso unailipia kodi.

Netiwaki ikisumbua voisi inasubiri, itaingia tu, vidio inaganda mmeanza kuambiana jambo zito na hiyo inauma jamani. Ila kumuona! Sauti haikwambii kama amekonda au amelia, mi hapo vidio naiheshimu kabisa.

Messenger mimi siitumii, Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021 mpaka uwashe VPN, ile app ya kukwepa kufungiwa.

Kama mna wifi ya kazini, pigeni vidio. Mnaojiunga bando la siku, voisi, vidio muiwekee Jumapili. Mkiwa na ugomvi, tafuteni hela muonane uso.