TAHADHARI: Kuna fundi Arusha anawauzia watu pampu zao wenyewe

Wadau wenye pikapu za dizeli za zamani, hasa Hilux za injini ya 2L na 3L, someni hii na muwapelekee wenzenu. Baridi hii ya Juni na Julai kuna jamaa anapita kwenye gereji na maegesho akitafuta magari yanayosumbua kuwaka alfajiri. Simtaji jina kwa kuwa suala liko polisi, ila mtindo wake mjue.

Anakuja, anapiga stata mara mbili tatu, anakwambia pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, imekufa. Anaifungua na kuondoka nayo, eti anaipeleka kupimwa kwenye mashine. Jioni anarudi na pampu inayong'aa, anaiita mtumba safi wa Japani. Kesho yake gari linawaka bila kusumbua, nawe unalipa huku unashukuru.

Shemeji yangu wa Ngaramtoni, anayeshusha karoti soko la Kilombero, alilipa Sh 850,000. Nilipofungua boneti nikakuta rangi ya fedha imepakwa hadi juu ya kibati cha namba ya pampu. Tukaikwangua kwa kisu. Namba ni ileile iliyomo kwenye picha aliyopiga mwaka jana pampu ilipokuwa inavuja, na alama ya tindo kwenye mguu wa pampu ipo palepale chini ya rangi. Ni pampu yake mwenyewe! Pembeni, kwenye injini iliyojaa mafuta na vumbi, hita plagi (vipasha joto vya kuwashia injini) zote 4 zilikuwa mpya, zinang'aa. Hizo ndizo zilizowasha gari, na yule bwana hakuzitaja kabisa.

Injini hizi zinawasha dizeli kwa joto la mgandamizo. Asubuhi ya baridi chuma kinalinyonya joto hilo, ndiyo maana plagi hupasha chumba cha mwako kwanza. Plagi zikiungua, stata inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka nyuma, injini haishiki. Ikishapata moto, mchana kutwa inawaka vizuri. Moshi huo maana yake dizeli inafika ndani ila haiungui. Pampu iliyochoka mara nyingi husumbua kinyume chake: inagoma injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inavujia ndani kwa ndani.

Kwa hiyo kabla mtu hajagusa pampu yako, fungua kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi. Chukua balbu ya indiketa, upande mmoja uunge kwenye chanya ya betri, mwingine gusisha kichwa cha plagi, moja baada ya nyingine. Isiyowasha balbu imekufa. Zote zikiwa nzima, angalia kama umeme unafika kwenye kile chuma ukiweka swichi ON; relei, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye plagi, nayo hufa. Kama ukipampu kwa mkono pale kwenye filta ndipo inawaka, tafuta mpira wa dizeli unaoingiza hewa.

Na ikibidi pampu itoke, piga picha namba yake, weka alama yako mahali pa siri, kisha uende nayo mwenyewe kwenye mashine. Fundi mwaminifu hatakukatalia.

Shemeji ameshapata RB (namba ya taarifa ya polisi), na jamaa amezima simu. Waliouziwa hivyo, wa Moshi pia, kakwangueni kibati, mpige picha, na mtunze ujumbe wa muamala wa malipo kabla hamjaufuta.