Gereza la Kilwa Kisiwani: omba saa nzima, usikubali dakika kumi

Ziara ya Kilwa Kisiwani ni nzuri na inastahili nauli ya kutoka Lindi. Kasoro yake ni moja: waongozaji wengi hulipita Gereza, ngome kongwe ya ufukweni, mbiombio wakiwahi Msikiti Mkuu. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba hapa mtakaa.

Usiridhike ukiambiwa tu "ngome ya Wareno." Wareno waliiteka Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome yao hapo ufukweni, wakaihama mwaka 1512. Waarabu wa Oman walijenga upya juu ya mabaki hayo karibu miaka mia tatu baadaye, na sehemu kubwa unayoiona ni kazi yao. Hata neno gereza asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Vinywani mwetu likawa pa kufungia watu. Leo wale waliojengewa ngome ili watiishwe ndio wenye nayo, na tangu 1981 imo katika Urithi wa Dunia.

Anzia mlangoni, utazame nakshi za mbao. Kisha zunguka nje. Minara ya mviringo ni miwili tu, kwenye pembe zinazotazamana kimshazari, na hapo pana akili kubwa: kila mnara unalinda kuta mbili, hivyo miwili inatosha pande zote nne. Upande wa bahari ukuta umeanguka kwa sehemu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mawimbi ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, huuchimba msingi kwa chini. Usipande juu, jiwe moja likichomoka hufuatwa na mengine. Saruji nayo si dawa: ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likamomonyoka. Kiraka kizuri ni cha chokaa.

Kutoka Lindi shuka Nangurukuru, ushike gari la Kilwa Masoko. Kibali na malipo hufanyika Masoko kabla ya kuvuka. Ukitangulia kisiwani bila kibali utarudishwa. Na nahodha patana bei ya kwenda na kurudi, pamoja na saa za kusubiri, la sivyo mzozo utakukuta ufukweni. Mashua ya tanga hutegemea upepo. Boti ya mashine huvuka upesi. Uliza maji yanapwa saa ngapi, kwani yakipwa chombo hutia nanga mbali na utatembea majini juu ya mawe makali: vaa viatu vya kulowana. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, vuka asubuhi, mchana bahari huchafuka.