Paka jike: sindano ya kuzuia mimba au upasuaji?

Paka wa Forodhani na Malindi, mjini Zanzibar, huzaa mfululizo, na mwenye paka jike nyumbani ana njia mbili kuu za kumzuia.

Sindano ya homoni ni nafuu, haina mshono, na paka anarudi nyumbani saa ileile. Sifa zake zinaishia hapo. Dawa hizi, kama medroksiprojesteroni wanayochomwa wanawake kwa uzazi wa mpango, huchochea tishu za matiti. Paka akichomwa mara kwa mara, hatari ya uvimbe hupanda. Na kwa paka, takriban asilimia 85 hadi 90 ya uvimbe wa matiti ni saratani, ambayo hukimbilia mapafu. Kwa mbwa ni karibu nusu.

Upasuaji una gharama, nusukaputi, na siku kadhaa za kumchunga asilambe kidonda. Lakini ovari zikitolewa, chanzo cha homoni kimeondoka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa upasuaji huu kabla paka hajafikisha umri wa miezi 6 hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 91. Kabla ya mwaka, asilimia 86. Baada ya miaka 2, faida haikuonekana tena. Ndiyo maana inaniuma nikisikia watu wakisema, "Mwache azae kwanza."

Mimi nachagua upasuaji, bila kusita. Kama paka wako ameshachomwa sindano, acha kuirudia, na kila mwezi mpapase safu zote mbili za chuchu. Ukigusa kijivimbe, hata cha ukubwa wa punje ya choroko, mpeleke kwa daktari wa mifugo: uvimbe usiozidi sentimita 2 una matumaini makubwa zaidi.